Gome la Muthiga na Jumatano Niliyonyamaza

Fundi aliyenitengenezea kitanda changu cha kwanza alikufa kwa taifodi, na siku tano kabla ya kifo chake mimi nilijua jambo ambalo lingeweza kumrudisha hospitali. Sikumwambia. Nimelieleza hili kwa watu watatu tu tangu siku hizo, na wawili kati yao walinijibu kwa namna ambayo sikuitarajia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa msaidizi wa maabara katika taasisi moja ya utafiti hapa Nairobi, na kazi yangu ilikuwa kusaga miti. Magome, mizizi, majani, chochote kilicholetwa kwenye gunia nilikikausha kivulini, nikakisaga mpaka kikawa unga, nikakiloweka katika spiriti siku mbili tatu, nikakichuja. Kisha niliivukiza ile spiriti polepole mpaka kwenye chupa ikabaki lami nzito ya rangi ya kahawia. Hiyo lami tuliiita dondoo. Nilinuka miti. Hata nilipopanda gari kurudi nyumbani, aliyekaa karibu nami alinigeukia na kunusa.

Mkuu wetu wa maabara alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Siku yangu ya kwanza alinionyesha kitu ambacho sijakisahau. Alichukua kibamba chembamba cha kioo kilichopakwa unga mweupe, akadondosha tone la dondoo karibu na ukingo wa chini, akakisimamisha ndani ya chupa yenye kimiminika kidogo. Kimiminika kikapanda taratibu, na kadiri kilivyopanda kikalichambua lile tone. Tone moja likawa madoa mengi, hili chini, lile juu, jingine katikati. Alipokipulizia dawa na kukipasha moto, madoa yakawa ya zambarau, ya waridi, ya kijani.

"Watu husema mti unatibu," aliniambia. "Mti hauna nia ya kumtibu mtu. Hizi ni kemikali zake za kujilinda na wadudu na kuvu. Kazi yetu ni kuuliza ni ipi kati ya hizi inafanya nini, na kiasi gani. Usije ukajibu kabla hujauliza."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Magome mengi niliyoyasaga mwaka ule yalitoka kwa shangazi yangu. Yeye, dada ya baba, aliuza dawa za miti Silanga, ule upande wa Kibera unaoteremka hadi bwawani, kibanda chake kikiwa kati ya mwanamke wa makaa na mwanamke wa sukuma wiki. Alikuja Nairobi kutoka kwetu magharibi akiwa msichana, akazeekea hapo. Ndiye aliyenipokea nilipomaliza shule, akanilisha, akanilaza kwenye godoro lake mpaka nikapata kazi na chumba changu mwenyewe Kawangware. Alikuwa Mkristo wa kusali kwa sauti, na kabla ya kufungua magunia yake asubuhi aliyaombea. Alijua magome kwa ulimi. Alivunja kipande, akakitafuna, akatema, akasema, "Hili limekatwa wakati wa mvua, halina nguvu."

Dawa aliyoiuza zaidi ilikuwa muthiga. Kwetu mti huo una jina lingine, lakini wateja wake wengi walijua hilo la Kikuyu, naye akalizoea. Gome lake ni kali kuliko pilipili. Kipande kama ukucha kikigusa ulimi, mdomo wote unawaka, halafu unakufa ganzi. Shangazi aliliuza kwa jino, kwa kikohozi na kwa koo. Akaliuza pia kwa tumbo la kawaida. Nilimpelekea mkuu wetu habari zake, na mkuu akaniagiza nilete gunia dogo. Nililibeba kutoka Silanga kwa furaha isiyo kifani. Niliona kama nampeleka shangazi mwenyewe chuoni.

Jirani yangu pale Kawangware, upande unaoitwa 46, alikuwa huyo fundi wa mbao. Ploti yetu ilikuwa ya vyumba kumi vya mabati vilivyotazamana, mali ya mzee mmoja wa hapo hapo aliyerithi shamba na kulijaza nyumba. Fundi na mke wake waliishi chumba kilichopakana na changu. Alifanyia kazi uani, chini ya turubai, na mchana kutwa uliisikia randa yake ikitembea juu ya mbao. Alikuwa mtu wa mzaha. Aliponiletea kitanda alikikalia, akakirukia, akasema, "Dada, hii hata ukiolewa na ng'ombe haivunjiki."

Mwaka huo mvua zilikuwa nyingi na vyoo vilifurika. Watu wengi waliugua. Fundi naye akaanza na homa, kichwa, tumbo. Alikwenda zahanati, wakamtoa damu, wakamwambia ni taifodi, wakampa vidonge vya wiki mbili. Siku ya nne au ya tano hivi ya vidonge hivyo nilimkuta jioni amekaa kwenye benchi yake ya kazi, amejifunga blanketi, midomo imemkauka. Ilikuwa Ijumaa.

Lakini lazima kwanza nieleze nilichokiona kazini Ijumaa hiyo hiyo mchana.

Namna ya kupima ni rahisi. Unachukua kisahani cha kioo chenye ute mgumu kama uji uliopoa, ambao vijidudu hupenda kuula. Unapaka vijidudu juu yake. Unaweka viduara vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa dondoo, unafunika, unaingiza kwenye sanduku la joto mpaka kesho yake. Vijidudu vikiota, kisahani kinakuwa na ukungu. Ikiwa dondoo limeviua, pale penye kiduara panabaki mduara safi, unaona hadi upande wa pili.

Ijumaa hiyo nilitoa kisahani cha vijidudu vya taifodi, na kukizunguka kiduara cha muthiga wa shangazi kulikuwa na mduara safi. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa wazi kabisa hata hivyo, na mimi nilikuwa peke yangu chumbani, mkuu akiwa mkutanoni. Nilikiinua kisahani dirishani. Niliona jua kupitia mduara ule. Nilifikiria shangazi yangu asiyejua kusoma, na magunia yake, na maombi yake ya asubuhi, nikajikuta natokwa na machozi.

Basi nikafika nyumbani na furaha hiyo ikiwa bado moto, nikamkuta fundi kwenye benchi.

"Sasa, dada," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Poa, fundi. Umeshindaje?"

"Hii taifodi inanimaliza. Na hizo vidonge ndio mbaya zaidi, nikimeza natapika. Si nyinyi mnapima miti huko kazini? Hakuna mti wa hii kitu?"

"Leo nimeona muthiga ukiiua," nikasema.

Aliinua kichwa. "Taifodi?"

"Taifodi yenyewe. Kwenye kisahani. Gome la shangazi yangu wa Silanga."

"Umeona?"

"Kwa macho yangu mawili."

Mke wake alikuwa mlangoni, akichambua mchele kwenye ungo. Aliacha kuchambua, akanitazama kwa namna ambayo mtu humtazama mchungaji. Mimi nikaongeza kwamba bado tunachunguza, kwamba amalize vidonge vyake. Nakumbuka nililisema hilo. Nakumbuka pia nililisema nikiwa tayari natafuta ufunguo mkobani, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema kwaheri. Sentensi ya kwanza niliisema nimesimama wima, na ya pili nimempa mgongo. Hakuna anayeugua ambaye angesikia ya pili.

Jumatatu mkuu alirudi. Nilimwekea kisahani mezani nikiwa nimeshikilia tabasamu. Aliivaa miwani yake, akakigeuza, akakitazama muda mrefu.

"Kiduara cha spiriti peke yake kiko wapi?" akauliza.

Sikuwa nimekiweka. Kila jaribio lilipaswa kuwa na kiduara kilicholoweshwa spiriti tupu isiyo na mti, ili ujue kama kinachoua ni mti au ni ile spiriti uliyotumia kuukamua. Viduara vilikuwa vimekwisha Alhamisi ile, na badala ya kukata vingine nilikiruka hicho kimoja.

"Na hivi ulivikausha muda gani kabla ya kuviweka?"

Nikasema muda kidogo. Hakunifokea. Alinirudishia kisahani. "Rudia. Safari hii kausha vizuri, na weka spiriti peke yake. Halafu chemsha gome kwa maji kama shangazi yako anavyolichemsha, uweke na hayo maji. Yeye hawauzii watu spiriti."

Nilirudia Jumanne. Jumatano mchana nilifungua sanduku la joto. Kiduara cha spiriti tupu, ambacho sikukikausha sana makusudi, kilikuwa na mduara safi, mdogo, sawasawa na ule wa Ijumaa. Kiduara cha muthiga kilichokauka vizuri hakikuwa na kitu. Vijidudu vilikuwa vimeota hadi kwenye ukingo wa karatasi. Cha maji yaliyochemshwa kilikuwa kimefunikwa kabisa, hata nilikitafuta kwa ncha ya penseli. Kwenye kisahani cha vijidudu vya majipu, na kile cha kuvu, muthiga ulikuwa umeua vizuri, miduara mikubwa. Ule ukali una kemikali zake na zinafanya kazi, ila si kwa kila kijidudu, na nyingi hazitoki kwenye gome kuingia katika maji. Kwa taifodi, muthiga wa shangazi ulikuwa maji ya moto yenye pilipili.

Mkuu alitazama, akasema, "Sasa umejibu," akaenda zake kunywa chai. Hakujua chochote kuhusu fundi.

Nilitoka kazini mapema kidogo siku hiyo. Njiani nilipanga maneno. Nilipokaribia ploti nikaisikia randa. Ilikuwa ikitembea juu ya mbao kwa nguvu, kisha nyundo, kisha randa tena. Niliingia uani nikamkuta amesimama, hana blanketi, amekonda lakini anacheka, mbele yake kabati alilokuwa amelianza kabla ya kuugua.

"Dada!" akaita. "Hiyo dawa ya shangazi yako ni moto! Siku nne tu, angalia. Vidonge nilitupa. Leo nimekula ugali na samaki, nimemaliza yote, muulize huyu."

Mke wake alicheka. "Amekula hadi mifupa."

Nilisimama pale. Ninakumbuka maranda ya mbao yamezunguka miguu yake, meupe, yamejikunja. Ninakumbuka penseli nyuma ya sikio lake. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nilijiambia: amepona. Labda vile vidonge vya siku za kwanza vilitosha. Labda Mungu. Nikimwambia sasa kwamba ile ni kazi bure, nitamvunja moyo, na mke wake atanionaje, na shangazi ataonekanaje? Nilijiambia nitamwambia kesho, polepole, nikiwa nimekaa.

Nikasema, "Nimefurahi, fundi."

Alhamisi nilichelewa kurudi. Ijumaa alikuwa na wateja. Jumamosi mlango wake ulikuwa umefungwa, na mke wake akasema amelala, homa imerudi kidogo, ameongeza dawa ya shangazi. Hata hapo, nikiwa nimesimama na ndoo mkononi, nilisema tu, "Mpeleke hospitali," na yeye akasema, "Jumatatu," na mimi nikaenda bombani.

Jumapili asubuhi, watu wakijiandaa kwenda kanisani, fundi alipiga ukelele mmoja. Sikuwahi kusikia mtu mzima akilia vile. Tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Tulimbeba kwa mkokoteni hadi barabara kuu, tukapata gari. Hospitalini walisema utumbo umetoboka. Walimpasua jioni. Jumatatu kabla ya saa sita mchana alikuwa amekufa.

Mafundi wenzake walimtengenezea jeneza kwa mbao zake mwenyewe, uani petu, kwenye benchi yake. Nilikuwa ndani ya chumba changu, nimekaa kwenye kitanda alichokitengeneza, nikiisikia randa ikipita upande wa pili wa mabati. Aliyekuwa akiishika hakuwa yeye na mwendo haukuwa wake. Lakini kila iliposimama, nilingoja aseme kitu.

Walimsafirisha kwao magharibi. Mke wake hakurudi pale. Chumba kikapata mpangaji mwingine, kijana wa gereji asiyekuwa na habari. Kabati lile ambalo halijaisha lilibaki uani limeegemezwa ukutani, mlango mmoja umepigwa randa, mwingine bado mbao ghafi. Aliyeliagiza hakuja. Mvua ikalinyeshea, likavimba. Wanawake wakaanza kuanika nepi juu yake. Mimi nililizunguka kwa mbali nikipita, kama mtu anayepishana na mkubwa wake njiani. Asubuhi moja, mwezi mmoja au miwili baadaye, nilitoka na ndoo nikasikia nyuma yangu, "Sasa, dada," sauti ile ile, ya kukauka. Niligeuka. Kulikuwa na kabati tu, na nepi.

Mambo kama hayo yaliendelea kwa muda. Sokoni, mtu mwenye penseli nyuma ya sikio. Kwenye gari, harufu ya mbao mbichi kutoka mahali nisipopaona. Kazini nilianza kukata viduara vya ziada, vingi kupita kiasi, vimejaa droo. Mkuu aliviona, hakuuliza.

Kwa shangazi nilikwenda wiki ya pili baada ya mazishi. Nilimkuta amekaa kibandani, magunia yamefungwa, hajayafungua tangu asubuhi.

"Habari imenifikia," akasema. "Yule mtu wa Kawangware. Alikuja hapa."

"Alikuja Jumamosi ile ya kwanza?"

"Alikuja na mke wake, amemshika mkono. Nikamuuliza homa ina siku ngapi, akasema kumi. Nikamwambia homa ya siku kumi si ya kwangu, rudi hospitali. Mimi siuzi hapo, unajua." Akafuta kitu kisichokuwepo kwenye goti lake. "Akasema wewe umesema. Akasema msichana wako ameona kwa macho yake, dawa ina karatasi ya maabara. Basi nikasema, kama huyo mtoto ameona na vioo vyake, mimi ni nani? Nikampimia."

Nilikuwa nimekwenda pale nikiamini kwamba nilimpeleka fundi kwa shangazi na shangazi akampa. Kumbe shangazi alimkataa. Miaka yote hiyo alikuwa na mpaka wake, hakuuvuka kwa mtu yeyote. Mimi ndiye niliyemvusha.

"Labda nilichemsha kidogo," akasema. "Labda gome lile lilikuwa la mvua. Nililionja, lakini ulimi wangu umezeeka. Wewe uliliona likiua, si ndiyo?"

Hapo ndipo ningesema. Alinipa mlango wazi kabisa.

"Ndiyo, shangazi," nikasema. "Niliona."

Akatikisa kichwa polepole, akaubeba mzigo wa kifo kile. Niliona kwa macho yangu jinsi alivyoubeba, mabega yakashuka. Niliondoka nikiwa mwepesi, na aibu ya wepesi huo haijanitoka hadi leo.

Shangazi aliacha kuuza dawa. Hakutangaza, aliacha tu kununua magome, na yaliyobaki aliyawasha jikoni. Moshi wake ulikuwa mkali, mwanamke wa sukuma wiki akawa anakohoa na kucheka. Baada ya hapo shangazi akauza makaa, kama jirani yake wa upande mwingine.

Mwaka mmoja hivi ulipita. Siku moja nilikutana na mjane wa fundi Kibera, Soweto West, mahali nilipokuwa nimempelekea mtu salamu. Alikuwa amerudi Nairobi, akishona nguo kwenye kibaraza cha chumba kidogo. Alinikumbatia. Aliniletea kiti na chai. Alisema, "Wewe ulijaribu kutusaidia. Wengine walitukimbia."

Sikuweza kunywa ile chai. Nilimwambia yote. Kiduara nilichoruka, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nilimwambia kwamba alipokuwa anacheka juu ya mifupa ya samaki, mimi tayari nilijua.

Hakulia. Aliendelea kushika kitambaa chini ya sindano ya cherehani, mguu umesimama kwenye pedali.

"Jumatano," akasema.

"Ndiyo."

"Jumatano kungekuwa na wakati."

"Nafikiri ndiyo. Sijui. Nafikiri ndiyo."

Halafu akauliza, si kwa hasira, kwa namna ya kutaka kujua hasa, "Na kwa nini umeniambia?"

Nikasema nilidhani ana haki ya kujua.

"Mimi nilikuwa nimeshamzika," akasema. "Nilikuwa nasema ni Mungu. Sasa umekuja kuutua kwangu huo mzigo wako. Mimi nitautua wapi?"

Nikasema nisamehe.

"Nimekusikia," akasema, akakanyaga pedali, cherehani ikaanza. Nilikaa kidogo nikingoja aseme jambo lingine. Nikaweka kikombe chini nikaondoka. Tulikutana tena mara mbili au tatu miaka iliyofuata, na kila mara alinisalimia vizuri, na hakunikaribisha kukaa.

Kutoka kwake nilikwenda moja kwa moja Silanga, kwa miguu, kabla sijapata nafasi ya kujishauri. Nilimwambia shangazi kwamba nilimdanganya. Kwamba gome lake halikuwa la mvua, na hakuchemsha kidogo. Kwamba hata angelichemsha siku nzima, lisingeua taifodi. Nilitarajia anipige, au anililie. Alisema tu, "Nipeleke nikaone."

Mkuu aliruhusu. Nilimwandalia visahani, nimevifunga kwa utepe pande zote, na Jumamosi moja shangazi akaja maabara akiwa na leso ya kanisani. Nilimwonyesha kisahani cha majipu kwanza. Aliuona mduara mkubwa safi, akatabasamu kidogo. Kisha nikampa kile cha taifodi. Alikiinamia sana, akakileta karibu na jicho.

"Dawa yangu iko wapi hapa?"

Nikamwonyesha kiduara, kimefunikwa.

"Na hii nyeupe yote?"

"Ndivyo vijidudu vyenyewe, shangazi."

"Ndivyo vilivyomuua?"

"Jamii yake."

Alikitazama kwa muda mrefu sana. "Vimestawi," akasema. Kisha akaomba maji ya kunawa, ingawa hakuwa amegusa kitu zaidi ya kioo kilichofungwa, akanawa hadi kwenye viwiko. Mkuu alimpa taulo. Wale wanawake wawili walitazamana, na mkuu, ambaye sasa nilikuwa nimemweleza, alimwambia, "Mama, wewe ulikuwa sahihi. Ulipomkataa." Shangazi akajibu, "Sikumkataa hadi mwisho," akakunja taulo vizuri, akairudisha.

Nilidhani baada ya hapo angerudi kuuza hata lile gome la jino na koo, ambalo vioo vyetu vilionyesha lina kazi yake. Nilimwambia hivyo. Nilimsihi. Hakubishana nami, ila hakurudi.

Siku moja nilikuwa nimekaa naye kwenye kibanda cha makaa, jioni jua likiwa bado juu ya bwawa, akaja msichana mmoja ameshika shavu, limevimba. Alisema ameelekezwa hapa, kwamba kuna mama mwenye muthiga.

"Hakuna," shangazi akasema. "Nenda hospitali."

"Mama, ni jino tu. Kidogo tu ya kutafuna."

"Hakuna, msichana wangu. Mimi nauza makaa."

Msichana alisimama kidogo, macho yamejaa maji kwa maumivu, akaangalia huku na huku kama vile gunia lingeweza kuwa limefichwa. Halafu akaondoka, akipanda kilima taratibu, mkono shavuni. Gome hilo lingemtuliza kwa dakika chache. Shangazi alijua, mimi nilijua. Tulimtazama mpaka akapotea kati ya nyumba, kisha shangazi akashika koleo akaanza kupanga makaa upya, vipande vikubwa juu, vidogo chini, na mimi nikamshikia debe.